Sentensi Niliyoiruka kwa Daktari

Shangazi yangu alikuwa mwosha maiti, na mimi nilikuwa mpiga taipu. Asubuhi tulitoka pamoja kwenye nyumba ya kampi ya wafanyakazi, mimi na viatu vyangu vya kisigino nikielekea ofisini katikati ya mji, yeye na ndala zake akielekea sokoni, na watu waliosimama kusalimia walimsalimia yeye. Mimi walinipita tu. Iliniuma, sikatai. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nilijua Kifaransa, na niliamini mji mzima unasubiri nipite.

Nilikaa kwake kwa sababu baba yangu, mdogo wake, alikuwa mgodini Kambove, na huko hapakuwa na kazi kwa binti mwenye cheti cha taipu. Mume wa shangazi alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, mzee mpole aliyependa redio kuliko maneno. Watoto wao walikuwa wameshaondoka, kila mmoja kwake. Tulibaki watatu, na mkubwa wa nyumba alijulikana bila kuuliza.

Sisi ni Waislamu wenye asili ya Maniema. Kwetu, mwanamke akifa huoshwa na wanawake, na kata ya kumwagia maji haishikwi na yeyote tu. Anayeongoza lazima awe amemaliza mwaka mzima bila kuona damu ya mwezi. Sheikh alisema mara nyingi kwamba hilo halimo kitabuni. Wanawake wetu walimsikiliza kwa adabu na kumpa chai, kisha wakaendelea na kitabu chao wenyewe, ambacho hakuna mwanamume aliyewahi kukifungua.

Kulikuwa na maneno pia. Mwosha maiti akifika kwenye mlango wa chumba, wanawake wote wamekaa uani, husimama na kusema kwa sauti: "Mi niko safi." Wao hujibu: "Ingia, mama." Asiposema, haingii. Hakuna anayemkagua, hakuna anayemuuliza zaidi. Neno lake ndilo linalofungua mlango.

Kata ya shangazi ilikuwa ya shaba nyekundu, imefuliwa na babu mmoja wa zamani, mpini wake umeliwa na mikono. Aliipokea kwa bibi mmoja wa Kamalondo aliyekuwa ameosha wanawake wa mji huu tangu kabla sijazaliwa, na ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. Siku ya kumkabidhi, bibi huyo alimshika shangazi mikono yote miwili, akaigeuza kama mtu anayechagua ndizi sokoni, akasema mbele ya watu: "Hii mikono njo itaniosha mi. Uniahidi." Shangazi akaahidi kwamba mikono yake ndiyo itakayomwosha. Nilikuwapo, nikamwona jinsi alivyojikaza asilie.

Haikupita miezi minne, moto ukaanza.

Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi ile ya kuvaa koti hadi mezani. Shangazi anakula ugali wake vizuri, ghafla anasukuma sahani, shingo yote inakuwa nyekundu, jasho linamtiririka mpaka kwenye nyusi. Anafungua dirisha. Mzee anafunga. Anafungua tena.

"Fungula! Niko naungua!"

"Weye mwanamuke, tuko mu mwezi wa sita," mzee alilalamika, blanketi mabegani. "Unataka nikufe juu ya dirisha?"

Mara nyingine nilimkuta amekaa kwenye saruji mbichi ya pale tunapofulia nguo, miguu ameinyoosha, macho ameyafumba. Usingizi ulimkimbia. Akawa mkali kwa vitu vidogo, chumvi, mfuniko wa sufuria, kisha analia kwa sababu amekuwa mkali. Mimi nilicheka pembeni, nikamwiga mbele ya wenzangu ofisini. Naandika hili ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Kicheko kiliisha siku alipokwenda kumwosha mama mmoja wa mtaa wa pili. Chumba kile hufungwa madirisha na mlango, maji ya moto yanatoa mvuke, na moto wa mwili ukampata humo humo katikati ya kazi. Mikono ikatetemeka. Kata ikamponyoka, ikaanguka juu ya kifua cha marehemu.

Waliokuwamo ndani walimalizia kazi. Walisema barabarani. Msaidizi wake, mjane wa fundi cherehani, ambaye kazi yake ilikuwa kuchota maji na ambaye kwa miaka alitamani kupanda cheo, ndiye aliyelitoa: "Marehemu alimukatala." Kwamba maiti amemkataa. Kwetu neno kama hilo likishatoka halirudi. Kata ikianguka mara ya pili, hataitwa tena nyumba yoyote, na ile ahadi ya Kamalondo itakuwa bure.

Shangazi hakujibu umbea. Alivaa vitenge vyake vya sikukuu, akachukua kadi ya hospitali ya kampuni ambayo wake wa wafanyakazi walikuwa nayo, akaniambia niombe ruhusa kazini.

"Yule dokta wa bamama anatoka Bas-Zaïre, Swahili yake ni kidogo. Utanitafsiria."

Nilifurahi. Hatimaye Kifaransa changu kimepata kazi nyumbani.

Daktari alikuwa kijana, umri wa mtoto wa kwanza wa shangazi, ametoka masomoni Ubelgiji si zamani. Nilidhani atamwambia shangazi kwamba ni uzee, aende akapumzike, maana hivyo ndivyo wanawake wengi walivyoambiwa. Hakusema hivyo. Alimwuliza maswali nusu saa: usingizi, moyo kwenda mbio, viungo, uvimbe kwenye titi, nani katika ukoo aliugua nini. Alimpima presha mara mbili. Na kila alipouliza alimtazama shangazi usoni, si mimi. Nilimheshimu tangu siku ile, na shangazi pia, ingawa alimwita "katoto" mpaka mwisho.

Alieleza kwamba ndani ya mwanamke kuna vichocheo vinavyoamrisha mwezi kuja na kwenda, na vikipungua mwili unapotea njia, haujui tena baridi ni ipi na joto ni lipi. Dawa ya kurudisha kimojawapo ilikuwapo. Akatoa vidonge kwenye droo.

"Muulize inatoka ku nini," shangazi alisema.

Niliuliza. Daktari akasita kidogo, kisha akajibu kweli tupu: inachujwa kutoka kwenye mkojo wa farasi jike mwenye mimba.

Nikatafsiri. Shangazi alikiinua kile kidonge.

"Mukojo? Mi mwenye kuosha bantu, kila siku nachunga twahara, ninywe mukojo ya farasi?" Akakirudisha juu ya meza kwa kidole kimoja. "Muambie aksanti. Nitaungua tu."

Daktari mwingine angekasirika. Huyu alicheka, akainuka, akafungua begi lake mwenyewe. Alitoa tyubu ndefu ya mafuta maangavu kama maji yaliyoganda, na kipimo kidogo cha plastiki. Alikuwa ameleta tyubu chache kwa ndege alipotua Luano na zile nyingine zingeagizwa kwa mfamasia wa mjini. Hii, alisema, inaanzia kwenye mmea, aina ya kiazi kikuu cha mwituni. Wataalamu wanakifanyia kazi mpaka wanapata kitu kilekile kabisa ambacho mwili wa mwanamke ulikuwa unajitengenezea. Si kinachofanana nacho. Kilekile. Mwili ukikipokea hauwezi kukitofautisha na chake.

"Kiazi!" Shangazi alipiga makofi. "Ile ile yenye nyanya yangu alikuwa anachimba mu pori? Na hatukujua iko na mambo ya bamama ndani!"

Daktari akaonya kwamba kiazi cha kupika hakitafanya kazi hiyo, asije akaanza kuchimba. Nikatafsiri, wakacheka wote wawili. Akaendelea: apake mikononi na mabegani kila asubuhi, siku ishirini na tano, asubiri ikauke. Na katikati ya mwezi aongeze vidonge laini vya kichocheo cha pili, navyo vya namna ileile, vya kulinda kizazi, maana cha kwanza peke yake kinaweza kuotesha ugonjwa tumboni. Shangazi aliuliza ngozi ya nje ya vile vidonge ni ya nini, isije ikawa ya nguruwe. Daktari akakiri hajui. Basi, akasema shangazi, atavitoboa kwa sindano na kumeza mafuta ya ndani tu. Daktari aliandika jambo hilo kwenye karatasi yake, kwa uzito kabisa.

Kisha akasema sentensi moja zaidi. Alisema kwamba mwisho wa kila mwezi, akipumzika dawa zile siku tano, damu itatoka kidogo kama zamani, na asiogope.

Sentensi hiyo niliiruka.

Nieleze. Nilipovunja ungo, shangazi ndiye aliyenifungia chumbani siku tatu na kunifundisha. Kwetu kazi hiyo ni ya shangazi. Maneno yale yanateremka kutoka kwake kuja kwangu, kupanda hayapandi. Binti kumwambia shangazi yake juu ya damu yake shangazi, mbele ya mwanamume, tena mgeni! Masikio yalinichoma. Nikasema: "Anasema utapumuzika siku tano, kiisha utaanza tena."

"Ameelewa?" daktari aliniuliza.

"Ameelewa," nilisema kwa Kifaransa changu kizuri.

Sijawahi kuona dawa ikimrudisha mtu namna ile. Wiki ya pili alilala hadi alfajiri bila kuamka. Wiki ya tatu dirisha likafungwa, mzee akavua blanketi, akamshukuru Mungu kwa sauti mbele ya redio. Shangazi akaanza tena kuimba akipepeta mchele, akaniomba msamaha kwa habari ya chumvi na mfuniko. Kila asubuhi alipima mafuta yake kwa kile kipimo, akapaka, akanyoosha mikono kama anayekaushwa kwenye kamba, kwa sababu mafuta yale yalinukia spiriti na hakutaka kusimama kwenye swala na harufu ya pombe. Majirani walichungulia juu ya ukuta wakahitimisha yao.

"Banasema minajichubua," aliniambia, akicheka hadi akashika ubavu. "Mi! Ku umri huu! Ningejichubua mbele, wakati kulikuwa bado na mutu wa kuangalia."

Mzee, nyuma ya redio, alikohoa.

Mwezi uleule aliitwa kumwosha mama wa muuza vitambaa. Alisimama mlangoni, akasema "Mi niko safi," sauti ikajaa uani. Alitoka baada ya saa nzima, uso mkavu, mikono imetulia. Mjane wa fundi cherehani alibeba ndoo nyuma yake. Nilijivuna kana kwamba mimi ndiye niliyeunda ile dawa.

Ijumaa iliyofuata, akijiandaa kwa swala, aliniita chumbani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kanga ya ndani ilikuwa sakafuni, na nikaona doa.

"Niangalie mu macho," alisema. "Yule katoto alisema nini tena, yenye hukuniambia?"

Hakufikiria ugonjwa, hakufikiria uchawi. Alinifikiria mimi moja kwa moja. Nikamwambia yote, nikilia.

"Juu ya nini hukusema?"

"Nilisikia haya, Shangazi."

"Haya." Alilirudia neno lile polepole. "Hii damu, mi mwenyewe njo nilikufundisha. Na weye unanifichia damu yangu. Unajua nimesema nini ku mulango, ile siku? Nilisema niko safi juu ya mwaka uliisha. Mwaka haukuisha. Mwaka ulikuwa mu mikono ya dawa."

Siku ile ya kuosha alikuwa safi kweli, damu haijaja bado. Nilimwambia hivyo. Hakutaka faraja ya mpiga taipu. Aliifunga kata kwenye kitambaa chake cheupe, akasema nivae viatu, tukapanda basi hadi Kamalondo.

Bibi alikuwa kitandani miezi miwili, amebaki macho na mifupa, lakini macho yenyewe yalikuwa bado ya mtu anayehesabu wageni. Shangazi aliweka kata juu ya mkeka.

"Mama, nakurudishia. Nimeona damu."

Nililazimika kueleza: farasi, kiazi, kipimo, siku ishirini na tano, na sentensi yangu. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka tukamwinua akohoe vizuri.

"Kumbe! Yenye Mungu alifunga, banafungula na pomade!" Alipangusa macho. "Chukua kata yako. Damu inakuya siku ngapi? Tano? Basi mi nitakufa mu siku zako za muzuri. Andika ku kalandrie."

"Na kama Mungu anachagua siku ingine?"

Bibi hakucheka tena. "Kama anachagua ingine, utasema kweli ku mulango. Mi sitaki kuoshwa na uongo."

Wiki iliyofuata tulirudi kwa daktari, na safari hii nilitafsiri hata kikohozi chake. Alipojua nilichofanya alinitazama, nikatamani sakafu inimeze. Alimwambia shangazi njia ni tatu. Aache dawa, na moto utarudi. Aendelee kama sasa, damu kila mwezi. Au apake mafuta na kumeza vile vidonge vya kulinda kizazi kila siku bila kupumzika, vyote kwa kiasi kidogo. Damu itakuja ovyo ovyo kwa miezi kadhaa, bila tarehe, na baadaye huenda ikakauka kabisa. Amejaribu kwa wanawake wachache tu, alisema, na hawezi kuapa.

"Anasema hajui?" shangazi aliuliza.

"Anasema hana hakika."

"Muzuri. Mutu wa kusema hajui, huyo njo nitamufuata." Akachagua njia ya tatu.

Ilikauka kweli, mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, na shangazi akaosha wanawake wa mji huu miaka mingine mingi, mikono imetulia. Lakini bibi hakungoja mwezi wa tatu.

Miezi ile ya katikati shangazi aliishi kwa kalenda ya kampuni iliyotundikwa jikoni, yenye picha ya vipande vya shaba vilivyopangwa. Aliweka msalaba kila siku aliyoona damu. Misalaba haikuwa na mpango: siku mbili, kisha wiki moja safi, kisha siku moja, kisha nne. Kila asubuhi aliuliza habari za Kamalondo kabla ya chai, na kila asubuhi nilijua anahesabu nini. Mimi niliacha kumwiga ofisini. Nilipita mbele ya ile kalenda nikitazama chini.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshafungua mwezi wa kumi na moja ilipokuja habari ya bibi. Ilikuwa asubuhi, shangazi ameshapaka mafuta, mikono bado ameinyoosha. Mjumbe alizungumza mlangoni. Shangazi hakulia. Aliingia chumbani, akatoka, akachukua kalamu na kuweka msalaba kwenye kalenda, mbele yangu. Kisha akachukua kata.

Njiani sikumwuliza atafanya nini. Nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, kwamba aseme uongo. Lilikuwa doa dogo. Tulijua watu wawili tu. Mwanamke yule aliyelala kule ndani alikuwa amemwomba mikono yake mbele ya mji mzima, na mimi ndiye niliyeivuruga mikono hiyo. Ningesema siku ile ndani ya chumba cha daktari, shangazi angechagua mapema, na pengine damu ingekuwa imeshakauka. Wiki tano nilizopoteza kwa haya zangu nilizihesabu kwenye basi, moja moja.

Uani walikuwa wamejaa wanawake, wengine wa kwetu, wengine Wakatoliki wa kampi waliompenda bibi, matope miguuni. Maji ya moto yalikuwa tayari. Mjane wa fundi cherehani alisimama na ndoo yake. Shangazi akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akageuka kutukabili. Wanawake walishavuta pumzi ya kumjibu.

"Mi siko safi," alisema.

Hakuna aliyewahi kuyasikia maneno hayo pale. Mtu mmoja nyuma alijibu "Ingia" kwa mazoea, akajiziba mdomo.

Shangazi akaendelea, sauti wazi: "Niko nakunywa dawa ya bamama, na nyingine ninapaka. Ile pomade yenye munasema minajichubua, njo hiyo. Inanitoa moto, ilinirudishia mikono. Lakini inanirudishia na damu, na leo iko. Marehemu alikuwa anajua. Aliniambia niseme kweli."

Halafu alifanya jambo ambalo mimi, kwa kiburi changu, nisingeliweza. Alimwendea mjane, yule yule wa "alimukatala", akampokea ndoo mkononi, akamwekea kata.

"Weye uko safi. Ingia."

Mjane aliitazama kata. "Mi najua kuchota maji tu," alisema chini chini. "Sijaongozaka hata siku moja."

"Nitakaa hapa ku mulango. Nitakuambia yote."

Mjane akainama, akasema maneno, akajibiwa, akaingia na wasaidizi wawili. Pazia likashushwa. Shangazi alikaa chini kwenye kizingiti, mgongo ukiegemea ukuta, na kutoka ndani mjane akauliza aanze wapi. Shangazi akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Kilitoka kilio alichokibana tangu asubuhi, na alipojaribu tena kikatoka kilekile. Ndani, mjane akauliza mara ya pili.

Shangazi alinivuta kwa mkono mpaka nikakaa karibu yake.

"Leo utanitafsiria tena," alininong'oneza sikioni. "Leo usiruke kintu."

Akaanza kunong'ona, na mimi nikasema kwa sauti. Funika kwanza kitovu hadi magoti. Mwinue mgongo kidogo. Kamua tumbo, polepole, kama nguo ya mtoto. Funga kitambaa kwenye mkono wa kushoto, safisha mbele, kisha nyuma, na alizitaja sehemu kwa majina yake, na mimi nikazitaja kwa majina yake, mbele ya wanawake sitini wa umri wa mama zangu. Masikio yalinichoma vilevile. Nikasema. Mtawadhishe. Upande wa kulia kabla ya kushoto. Mara tatu, na ya mwisho yenye kafuri. Mjane alirudia kila jambo ndani, tukasikia maji yakimwagika. Nywele, mafungu matatu, zilaze nyuma.

Baadaye minong'ono ikawa ya namna nyingine. Nyuma ya sikio la kulia ana kovu, asilisugue. Maji yasiwe baridi, alichukia baridi. Goti la kushoto lilimuuma, alinyooshe bila nguvu. Haya hayamo katika mafundisho yoyote ya kuosha. Niliyasema yote, na ndani mjane alijibu, "Ndiyo, ndiyo," huku akilia.

Mwishowe shangazi alinyamaza. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kuinuka. Akanibana mkono.

"Muambie niko hapa," alinong'ona. "Muambie bibi. Niko ku mulango."

 Nikageukia pazia, nikamwambia bibi.